Harengon: kuruka ni nyongeza, kinacholipa ni kuwahi

Mtu akiambiwa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) ina jamii ya watu-sungura iitwayo harengon, cha kwanza kinachomjia kichwani ni kuruka. Wachezaji wengi humchagua harengon kwa sababu hiyo hiyo: wanaona Rabbit Hop, sifa ya kuruka, kwenye ukurasa, wanajaza karatasi ya mhusika, wanasubiri shimo la kwanza waliruke. Kuruka kwenyewe si kubaya. Ila ukiipeleka jamii hii kutoka ngazi ya 1 hadi ngazi za juu, kinachoibeba ni mstari mfupi ambao watu husoma haraka na kuupita, ule unaogusa dadu ya zamu, inayoamua nani anacheza kwanza kwenye pambano. Tathmini hii inapima vyote viwili, na inaonyesha ni wapi maandishi ya kitabu yanaacha mianya ya kugombaniwa mezani.

Harengon alianza kama rasimu ya majaribio Machi 2021, wakati huo akiitwa rabbitfolk. Septemba mwaka huo huo akaingia rasmi kwenye kitabu cha kampeni cha The Wild Beyond the Witchlight, na mwaka 2022 akachapishwa tena kwenye Mordenkainen Presents: Monsters of the Multiverse. Ukiwa na kimojawapo cha vitabu hivyo hupungukiwi na kitu mezani. Kwa asili ni watu wa Feywild, ulimwengu wa kichawi wa mchezo huu, wanaotembea kwa miguu miwili mirefu ya kisungura, wenye manyoya ya kila rangi. (Kucheza kama sungura si jambo la jana: Bunnies & Burrows ilitoka mwaka 1976, ila humo unakuwa sungura kweli wa miguu minne, si mtu mwenye masikio marefu aliyevaa deraya.)

Unachopata ni hiki. Alama 2 kwenye uwezo mmoja na 1 kwenye mwingine, au 1 kwenye uwezo tatu tofauti, popote utakapo. Umbo la kati au dogo, unachagua mwenyewe, na mwendo ni futi 30 kwa yote mawili. Lugha ya Common na nyingine moja. Umahiri wa Perception, ujuzi wa kugundua vitu, bila kulipia chochote. Halafu zinakuja sifa nyingine tatu: Hare-Trigger, Lucky Footwork na Rabbit Hop. Aina yake ni humanoid (mtu), si fey (kiumbe wa kichawi), kwa hiyo asili ya Feywild haimkingi na Hold Person wala Charm Person, uchawi unaowagusa humanoid tu. Wapo wanaodhani inamkinga kwa sababu fairy, aliyetoka naye kwenye kitabu kile kile, ni fey na hizo hazimgusi.

Tuanze na kinacholipa. Hare-Trigger inasema: unapotupa dadu ya zamu, ongeza nyongeza yako ya umahiri. Basi. Haina idadi ya matumizi kwa siku, haili tendo lolote, na huhitaji kuikumbuka. Ukishaijumlisha kwenye karatasi, imekaa. Inaanza na +2 ngazi ya 1, inakuwa +3 ngazi ya 5, +4 ngazi ya 9, +5 ngazi ya 13 na +6 ngazi ya 17.

Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka uzipige hesabu. Chukua mhusika na adui wenye wepesi sawa. Bila nyongeza yoyote, mhusika anamtangulia adui mara 47.5 katika 100, ukiacha sare. Kwa +2 inafika 57.25. Kwa +4 ni 66 kamili, na kwa +6 ni 73.75. Yaani kwenye ngazi za juu, takriban mapambano matatu kati ya manne harengon anacheza kabla ya adui aliye mwepesi kama yeye. Hakuna sifa nyingine kwenye jamii hii inayofanya kazi katika kila pambano bila kukosa.

Kuna mtego mmoja ambao huwaharibia watu hesabu. Kanuni ya mchezo hairuhusu nyongeza ya umahiri kuingia mara mbili kwenye dadu moja. Kipaji cha Alert cha kitabu cha 2014 (kanuni za zamani, mpya ni za 2024) kinatoa +5 kavu, kwa hiyo kinapanda juu ya Hare-Trigger bila tatizo: mwenye wepesi wa +3 akikichukua ngazi ya 4 ana +10, na ngazi ya 5 ana +11. Alert ya kitabu cha 2024 ni habari nyingine, kwa sababu sasa inatoa nyongeza ya umahiri, kitu ambacho harengon tayari anacho. Haijumlishwi. Kinachobaki kwenye kipaji hicho ni ile ruhusa ya kubadilishana zamu na mwenzako aliyekubali. Si haba, lakini umelipa vitu viwili ukapata namba moja. Kwa kanuni mpya, usuli (maisha ya awali ya mhusika) wa Criminal na wa Guard huja na Alert moja kwa moja, hivyo harengon atafute usuli mwingine. Bard (mwanamuziki mchawi) wa 2014 naye aangalie: Jack of All Trades inaongeza nusu ya umahiri pale tu ambapo umahiri haujaingia, na kwenye dadu ya zamu ya harengon umeshaingia.

Vinavyojumlishwa vizuri ni vile vinavyotoa nyongeza ya uwezo badala ya umahiri. Swashbuckler, tawi la rogue (mwizi mjanja), anaongeza haiba kuanzia ngazi ya 3. Gloom Stalker, tawi la ranger (mwindaji), anaongeza busara ngazi hiyo hiyo. Mchawi wa War Magic anaongeza akili ngazi ya 2. Na wanaotupa dadu mbili za zamu na kuchukua kubwa, kama barbarian mwenye Feral Instinct ngazi ya 7, wanafaidi pia, maana nyongeza inakaa juu ya dadu iliyo bora.

Lakini kuwahi hakumfai kila mtu, na hapa ndipo uchaguzi wa fani unapoamua kama jamii hii ni nzuri au ni ya wastani. Mchawi akitangulia, maadui bado wamekaa pamoja na wenzake bado hawajaingia katikati yao: uchawi wa kufunga kundi kama Web au Hypnotic Pattern unatua mahali safi. Cleric (kuhani) akitangulia, baraka ya Bless iko juu ya wenzake kabla hawajapiga pigo la kwanza. Assassin wa 2014, tawi jingine la rogue, ndiye anayekula mnono, kwa sababu dhidi ya yeyote ambaye hajacheza zamu yake anatupa dadu mbili za shambulio na kuchukua kubwa.

Mpiganaji wa upanga na ngao akitangulia anakimbia peke yake mpaka kwenye kundi la maadui sita, halafu wote sita wanacheza kabla wenzake hawajamfikia. Kanuni za mchezo huu hazina kuchelewesha zamu. Una Ready tu, yaani kuandaa tendo la kufanya baadaye, na Ready inatumia tendo la kujibu. Ukishalitumia, Lucky Footwork haipo mpaka zamu yako ijayo. Mwenye harengon wa mstari wa mbele azoee kutumia zamu ya kwanza kurusha mkuki, kujikinga kwa Dodge au kusimama mlangoni, si kufukuza.

Lucky Footwork ni ndogo kuliko jina lake. Ukishindwa dadu ya kujinusuru ya wepesi, unaweza kutumia tendo la kujibu kutupa dadu ya pande 4 na kuongeza. Ikitosha, kushindwa kunageuka kufaulu. Huwezi kuitumia ukiwa umeanguka chini au mwendo wako ukiwa 0. Haina kikomo kwa siku, na uzuri wake ni kwamba unaitumia baada ya kujua umeshindwa, kwa hiyo hupotezi kitu pale ambapo ungefaulu hata bila hiyo.

Thamani yake ni asilimia 12.5 za kufaulu. Ukikosa kwa 1, dadu ya pande 4 inatosha daima. Ukikosa kwa 2 inatosha mara tatu kati ya nne, kwa 3 nusu, kwa 4 robo. Kila upande wa dadu ya pande 20 ni asilimia 5, jumlisha, unapata 12.5. Mchawi mwenye wepesi wa +2 anayerushiwa Fireball (mlipuko wa moto) yenye kizingiti cha 15 anafaulu mara 40 katika 100. Akiwa na sifa hii anafika 52.5. Fireball ya kawaida ni dadu 8 za pande 6, wastani 28, na kufaulu kunaokoa 14. Kwa hiyo Lucky Footwork inakuokolea chini ya pointi 2 za uhai kwa kila Fireball, kwa wastani. Utasikia ikisemwa kwamba sifa hii inang'aa zaidi kwa rogue au monk (mpiganaji wa ngumi) mwenye Evasion, sifa ya kukwepa milipuko. Hesabu haikubali: bila Evasion unatoka 28 kwenda 14, na ukiwa nayo unatoka 14 kwenda 0. Tofauti ni ile ile 14.

Inapong'aa ni pale ambapo kushindwa hakuleti maumivu tu bali kunakufunga. Utando wa Web ndio mfano mzuri kuliko yote. Ukishindwa unanaswa, mwendo unakuwa 0, na hapo Rabbit Hop imekufa na Lucky Footwork nayo imekufa, na dadu zako za wepesi zinazofuata zinatupwa mbili na kuchukuliwa ndogo. Ile dadu ya pande 4 kabla hujanaswa ina thamani kubwa mara nyingi kuliko pointi mbili za uhai. Vivyo hivyo kwa Grease, mafuta ya kuteleza yanayoangusha, na kwa mitego ya sakafu inayofunguka. Mwenye uchawi wa Shield, Absorb Elements au Counterspell ajue kwamba vyote vinapigania tendo lile lile moja la kujibu. Dhidi ya moto, Absorb Elements inakata maumivu kwa uhakika lakini inakula nafasi ya uchawi, wakati Lucky Footwork ni bure na ya kubahatisha. Kwa ngazi za chini, ambapo nafasi za uchawi zinahesabika kwa vidole, bure inashinda mara nyingi.

Sasa Rabbit Hop, ambayo ndiyo inayoleta mabishano.

Kwa tendo la ziada, unaruka futi zinazolingana na nyongeza yako ya umahiri mara 5, na mruko huo hausababishi pigo la kisogo, yaani lile pigo la bure ambalo adui anakupa unapotoka karibu naye. Sharti ni mwendo wako uwe zaidi ya 0. Idadi ya matumizi ni sawa na nyongeza ya umahiri, na zote zinarudi baada ya mapumziko marefu. Kwa hiyo ngazi ya 1 unaruka futi 10 mara mbili kwa siku. Ngazi ya 5, futi 15 mara tatu. Ngazi ya 17, futi 30 mara sita.

Kwanza tuone inachofanya vizuri. Mruko wa kawaida unategemea nguvu: mwenye nguvu 8 anaruka futi 8 kwenda mbele akikimbia futi 10 kwanza, na futi 4 akiruka kutoka aliposimama. Kwenda juu ni futi 3 ukijumlisha nyongeza ya nguvu (si alama yenyewe), tena baada ya kukimbia. Rabbit Hop haiulizi nguvu wala haihitaji kukimbia. Mchawi dhaifu aliyesimama wima anaruka futi 10 papo hapo. Paladin (shujaa wa imani) ndani ya deraya nzito naye vilevile.

Pili ni kujitoa. Uko bega kwa bega na jitu, unaruka futi 10, sasa uko futi 15 kutoka kwake. Adui mwenye urefu wa kufikia futi 5 au hata 10 hakufikii tena, na futi zako 30 za kutembea bado unazo, na tendo lako kuu pia. Hapo ndipo mchawi wa harengon anapowacheka wenzake: anatoka kwenye mkono wa adui na bado anarusha uchawi zamu hiyo hiyo. Angalizo ni adui anayefikia futi 15. Kwenye ngazi za 1 hadi 4 mruko wako unakuacha bado ndani ya mkono wake, na ukianza kutembea kutoka hapo pigo la kisogo linakuja kama kawaida. Mruko unalindwa, hatua zinazofuata hazilindwi.

Mianya sasa. Kitabu hakisemi kama mruko huu unakatwa kwenye mwendo wako wa zamu. Kanuni ya kawaida ya kuruka inasema kila futi unayoruka inakula futi ya mwendo. Mwendeshaji wa mchezo akiisoma hivyo, ngazi ya 17 mruko mmoja unamaliza mwendo wote, na sifa nzima inabaki kuwa kujiondoa kwa bei ghali. Usomaji wenye mantiki ni kwamba tendo la ziada ndilo linalolipia mruko, vinginevyo sharti la kuwa na mwendo zaidi ya 0 lisingetosha, wangeandika uwe na mwendo uliobaki. Lakini liulizwe kabla ya kikao cha kwanza. Mchezaji aliyejenga mhusika mzima juu ya futi hizo asije akaambiwa katikati ya pambano la joka kwamba hazipo.

Kwenda juu nako hakukutajwa, wala hakukukatazwa. Wengi wanaruhusu, na ni sawa: ngazi ya 1 unatua juu ya ukuta wa futi 10. Tatizo linakuja ukiruka wima mahali pasipo na pa kutua. Unashuka futi zile zile, na kanuni ya kuanguka inatoa dadu 1 ya pande 6 kwa kila futi 10. Baadhi ya waendeshaji wanaitumia, wengine wanasema aliyeruka mwenyewe anajua kutua. Chagueni moja, iandikeni.

Shimo ndilo linalowapa watu aibu mezani. Ramani ina visanduku vya futi 5. Shimo la futi 10 ni visanduku viwili. Mchezaji anasema "naruka futi 10, nimevuka", anasogeza sanamu yake visanduku viwili, na sanamu inakuwa juu ya shimo. Ili utoke kisanduku cha ukingo huu mpaka kisanduku cha ukingo wa pili unasogea visanduku vitatu, futi 15. Kwa kuhesabu visanduku, harengon wa ngazi ya 1 anavuka ufa wa futi 5 tu, na shimo la futi 10 analisubiri mpaka ngazi ya 5. Mnaocheza bila ramani hamna shida hii: ukingo ni ukingo, futi 10 ni futi 10.

Kupita juu ya watu pia kuna kikomo. Kanuni ya kuruka mbele inamruhusu mwendeshaji kudai dadu ya Athletics (ujuzi wa nguvu) yenye kizingiti cha 10 ili kuvuka kizuizi, na kizuizi chenyewe kisizidi robo ya umbali wa mruko. Robo ya futi 10 ni futi 2 na nusu, urefu wa meza, haitoshi kumpita goblin aliyesimama. Na ukitua kwenye ardhi ngumu, kama kifusi au matope, unatupa dadu ya Acrobatics (ujuzi wa wepesi) yenye kizingiti cha 10, ukishindwa unaanguka. Kumbuka Lucky Footwork haifanyi kazi ukiwa chini. Kuruka vibaya kunakunyang'anya kinga yako kwa mkupuo mmoja, na hii ni hali ambayo wachezaji wa harengon hawaioni mpaka imewapata. Upande wa pili wa sarafu: kuruka juu ya Spike Growth, uchawi wa miiba ardhini, hakukuchomi, kwa sababu hukukanyaga miiba. Ukitua ndani yake na kuanza kutembea, utachomwa.

Kuhusu kuzidisha mruko: uchawi wa Jump wa 2014 unafanya umbali wa kuruka uwe mara tatu, na hapo kuna wanaodai futi 30 ngazi ya 1. Maneno ya uchawi hayawakatazi. Jump ya 2024 imeandikwa upya, inatoa mruko wa futi 30 kwa kulipa futi 10 za mwendo, kwa hiyo haigusani na Rabbit Hop. Monk asijidanganye na Step of the Wind ya 2014 inayofanya mruko uwe mara mbili, kwa sababu nayo inatumia tendo la ziada. Huwezi kufanya vyote viwili zamu moja.

Na hilo tendo la ziada ndilo swali kubwa. Rogue tayari anaweza kujiondoa kwa tendo la ziada kuanzia ngazi ya 2, bila kikomo. Monk anataka ngumi zake. Bard ana Bardic Inspiration, cleric ana Spiritual Weapon na Healing Word, anayepigana kwa visu viwili ana kisu cha pili. Kwa hao Rabbit Hop itakaa kwenye karatasi ikiota vumbi. Mchawi wa kitabu (wizard) hana cha kufanya na tendo la ziada kwa ngazi nyingi za mwanzo, na fighter (mpiganaji) wa 2014 ana Second Wind tu. Hao ndio wenyewe.

Ikilinganishwa na jamii nyingine, kuruka kunazidi kufifia. Ndani ya Monsters of the Multiverse hiyo hiyo kuna eladrin, aina ya elf, ambaye kwa tendo la ziada anahama papo hapo futi 30 kuanzia ngazi ya 1, idadi ile ile ya matumizi, na anatoka hata akiwa amekamatwa, hali ambayo harengon hawezi kwa sababu mwendo wake ni 0. Juu ya hapo eladrin anaona gizani. Anayetafuta kukwepa tu, achukue eladrin. Harengon anachaguliwa na anayetaka kuwahi, halafu anakubali mruko kama zawadi.

Hilo la giza lisiachwe. Harengon haoni gizani hata futi moja. Umahiri wa Perception unasikika vizuri, lakini kwenye pango lisilo na taa macho hayo hayakusaidii, na kwenye mwanga hafifu Perception isiyotupiwa dadu inapungua 5 kwa vitu vya kuonwa. Kundi lenye elf na dwarf wanaotembea bila mwenge litakulazimisha kuwasha kitu na kuwaharibia uviziaji. Hii ndiyo sababu Gloom Stalker anamkaa harengon vizuri kuliko fani nyingine yoyote. Kwa kanuni za 2014, ngazi ya 3 anapata kuona gizani futi 60, busara kwenye dadu ya zamu, na kwenye zamu ya kwanza futi 10 za mwendo na shambulio moja zaidi lenye dadu 1 ya pande 8 ya maumivu. Mwenye wepesi 17 na busara 14 ana +7 ya zamu ngazi ya 3. Kasoro yake ni Hunter's Mark kupigania tendo la ziada, lakini zamu ya kwanza unaweka alama, za baadaye unaruka.

Kwa anayependa mchawi, mgawanyo wa pointi 27 za kununulia uwezo unaofanya kazi ni nguvu 8, wepesi 14, ustahimilivu 15, akili 15, busara 10, haiba 8. Weka alama 2 kwenye akili na 1 kwenye ustahimilivu, unapata 17 na 16. Dadu ya zamu ni +4 ngazi ya 1, na ukiingia War Magic ngazi ya 2 inakuwa +7. Ngazi ya 4 pandisha akili. Usikimbilie vipaji vya kuongeza zamu, unayo ya kutosha.

Umbo: kwa kanuni za 2014 dogo linakufanya utupe vibaya na silaha nzito, kwa hiyo wa panga kubwa achague la kati. Kwa 2024 silaha nzito zinaangalia nguvu au wepesi wa 13, si umbo, na dogo linabaki na faida tupu ya kupenya matundu na kumpanda mnyama wa umbo la kati. Ukipata umahiri wa Perception tena kutoka kwenye usuli wako, mfano Sailor, kanuni za 2014 zinakuruhusu kuchukua ujuzi mwingine badala yake. Wengi wanasahau na kupoteza ujuzi mzima.

Upande wa uigizaji kitabu ni kibahili. Maelezo ya jamii ni aya chache, na ukitaka mila, majina na ugomvi wa koo utajitungia. Aliyekua na ngano za Sungura mjanja atavunjika moyo kidogo: namba hizi zinampa miguu na masikio, ulimi hazimpi. Dawa ni usuli wa Feylost uliomo kwenye The Wild Beyond the Witchlight, unaotoa Deception (kudanganya) na Survival (kuishi porini), au Witchlight Hand unaotoa Performance (maonyesho) na Sleight of Hand (wepesi wa mikono). Mwendeshaji naye ana mfano wa kunakili, Agdon Longscarf na genge lake la majambazi wa kisungura katika tukio hilo hilo.

Kichekesho ni kwamba The Wild Beyond the Witchlight, nyumba ya harengon, imetungwa kiasi kwamba makabiliano yake yanaweza kumalizwa bila kupigana. Kundi likishika njia hiyo, Hare-Trigger inalala na Lucky Footwork inaamka kwenye mitego tu. Ni tukio zuri la ngazi za 1 hadi 8, lakini si uwanja wa kumwonyesha mhusika huyu. Mpeleke kwenye kampeni ya mapango na uviziaji, akiwa na mwenge.

Kuhusu kununua: harengon hayumo kwenye kanuni za bure wala miongoni mwa jamii 10 za kitabu cha wachezaji cha 2024, kwa hiyo huna njia ila kitabu kimojawapo kati ya vile viwili. Mchezaji ambaye hataki kuendesha mchezo achukue Monsters of the Multiverse, maana ina jamii zaidi ya 30 na ataitumia tena kwa mhusika ajaye. Mwendeshaji anayehitaji kampeni ya kuendesha, achukue Witchlight. Ukimleta harengon kwenye meza ya 2024, alama za uwezo zinatoka kwenye usuli, zile za jamii unazifuta. Sifa nyingine zote zinabaki kama zilivyo.